Mhamasishaji na Mtaro wa Mlangoni

Jumatatu, 13 Novemba

Nimepata cheo! Ni cheo gani hasa, bado sijaelewa. Lakini nimepata.

Mkutano wa mtaa wetu hapa mpakani. Mwenyekiti wetu, Mzee Rubeni, kasoma tangazo kutoka mkoani Vwawa. Songwe nzima inahamasishwa kujitolea, na kila mtaa utoe mhamasishaji wake. Jumamosi saa mbili asubuhi tufanye msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na afisa wa mkoa atakuja kutuona tukijitolea. Mtu wa nyuma kauliza, kama tunakuja kuangaliwa, huko si kujitolea, ni mtihani. Mwenyekiti kasema maswali mwisho. Mwisho ulipofika mwenyekiti alikuwa ameshaondoka.

Nilinyoosha mkono upesi. Mwanangu Lusajo mgongoni kadhani tunacheza, kanyoosha na wake.

Sababu ninayo. Mtaro unaopita mlangoni kwangu umeziba. Mvua ya juzi, ndogo tu, maji yaliingia mpaka kwenye godoro la mtoto. Niliamka nikamkuta kalala kifudifudi, mkono unaning'inia, vidole ndani ya maji. Na mvua kubwa zinakuja. Baba yake, Emanueli, ni utingo wa lori. Yuko kwenye foleni upande wa Zambia, kurudi hajui lini. Kuchimba mwenyewe na mtoto mgongoni nilijaribu. Nilitoa tope karai moja, kiuno kikagoma.

Kuomba majirani? Thubutu! Nikiomba, Fides mwenye genge la nyanya pale kona atatangaza kwamba nyumba imenishinda mume akiwa safarini. Lakini mhamasishaji haombi. Anahamasisha! Watu watazibua mtaro wangu kwa jina la mkoa na hawatajua.

Kasoro moja. Fides naye kanyoosha mkono. Mwenyekiti kasema basi, mmoja mhamasishaji, mwingine msaidizi. Nani ni nani, hakusema. Nimerudi nyumbani nikijua ni mimi. Fides karudi gengeni akijua ni yeye.

Jumanne, 14 Novemba

Nimepita nyumba kwa nyumba. Jua kali, mtoto mzito, miguu inawaka.

Nimeanza na Shadrack wa bodaboda, rafiki wa Emanueli. Kauliza posho iko wapi. Nikamwambia kujitolea hakuna posho. Kauliza, soda je? Hakuna. Kafikiri, kajikuna kidevu, kasema, "Sasa shemeji, hiyo si kujitolea. Hiyo ni kazi. Tena kazi mbaya."

Ndipo nikasema kutakuwa na fulana.

Sijui nilikotoa fulana. Ilinitoka tu. Lakini uso wa Shadrack ulibadilika kama aliyeona abiria wa Mbeya. Mpaka jioni watu walikuwa wananifuata wao. Mmoja kataka ya mikono mirefu. Mama mmoja kauliza kama anaweza kuchukua fulana Jumamosi, kujitolea akajitolee wiki ijayo.

Shangazi Tumaini kapiga simu kutoka Nakonde. Kasikia. Nikamwambia shangazi, haya ni mambo ya Songwe, ninyi Zambia hayawahusu. Kasema, "Bamayo, mama yangu, kila siku navuka kuja kununua sabuni. Nitashindwaje kuvuka kuja kujitolea?" Anakuja na wakwe.

Jumatano, 15 Novemba

Habari mbaya. Mwenyekiti kachomeka vijiti.

Hapa kwetu msaragambo ni vijiti. Mwenyekiti anavifunga vitambaa vyekundu, anavichomeka, na watu wakifika hawaulizi. Palipo na vijiti ndipo wanapochimba. Kavichomeka njia ya bombani! Nimemwambia mzee, bombani watu wanapita bila shida, mbona tusiangalie mitaro? Kauliza mtaro upi. Nikaona aibu kuutaja. Nikasema mitaro kwa ujumla. Kasema kwa ujumla ni ya Halmashauri.

Nimekaa nimenyonyesha, nimefikiri. Vijiti havina mizizi.

Alhamisi, 16 Novemba

Alfajiri nimevihamisha vyote mlangoni kwangu. Lusajo kang'ang'ania kimoja, kala kitambaa chake nusu. Nimekichomeka hivyo hivyo.

Saa sita natoka kuanika nepi. Vijiti hakuna! Vimesimama mstari mzuri mbele ya genge la Fides, mpaka kile kilicholiwa. Mtu mzima anahamisha vijiti vya mwenyekiti! Hana haya? Hana hofu ya Mungu?

Nimevirudisha kwangu.

Ijumaa, 17 Novemba

Vipo kwa Fides. Nimevileta. Vipo kwa Fides. Nimevileta tena.

Bibi Ketrina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai ananitazama. Kauliza, mwanangu, unapanda nini? Nimesema ni mambo ya mkoa. Kauliza kama mkoa unajua. Nimemwambia kwa heshima lakini kwa uthabiti kwamba uongozi una siri zake. Kautazama mtaro. Kanitazama mimi. Kafungua mdomo kutaka kusema kitu, lakini sikuwa na muda, mtoto alikuwa anavua kitambaa kingine.

Jioni nimekwenda mpaka karibu na geti la mpakani, nipate mtandao wa kule nimpigie Emanueli. Kauliza maji mlangoni yakoje. Nimesema yako kwenye mpango. Kasema niwaombe wenzangu wanisaidie. Wanaume wanarahisisha mambo!

Nimetega simu iniamshe mapema. Kesho saa mbili kamili natakiwa niwe kwa mwenyekiti, nimkamate mgeni wa mkoa kabla ya Fides.

Jumamosi, 18 Novemba

Hata sijui niandike nini.

Simu iliniamsha. Nikamwogesha Lusajo, nikavaa kitenge kipya, nikachungulia nje. Vijiti havipo. Nikasema si neno, nawahi kwa mwenyekiti, namchukua mgeni namleta mwenyewe mtaroni. Nikafika kona ya genge saa mbili kamili kwa simu yangu. Njiani nikakutana na Shangazi Tumaini na wakwe zake, nao wanawahi, majembe begani.

Tukakuta watu wananawa miguu.

Wamemaliza! Mbele ya genge la Fides panang'aa kama sebule. Mgeni wa mkoa, dada mmoja mpole anaitwa Erica, alikuwa anampa Fides mkono na watu wanapiga picha. Na fulana zilikuwepo! Za kweli! Mimi nilizibuni, mkoa ukazileta. Shadrack kavaa mbili, moja juu ya nyingine.

Mzee Rubeni kaniomba simu, kaitazama, kacheka mpaka kakohoa. Eti tangu jana jioni imenasa mtandao wa Zambia, na saa yake imerudi nyuma saa nzima kama za kule. Nimekataa. Nimemwonyesha shangazi, yeye na ukoo mzima wamefika sawasawa na mimi. Wote tukosee? Mzee kasema, "Mwanangu, hao wanatoka Zambia."

Bado sioni hilo linathibitisha nini.

Fides kanipitia karibu, kasema, pole msaidizi. Fulana zilikuwa zimeisha. Dada Erica kanihurumia, kanitolea ya mwisho chini ya boksi, kubwa kama turubai, imeandikwa NIMEJITOLEA. Nimetembea nayo mpaka nyumbani nimeikunja upande wa maandishi ndani.

Mtaro uko vilevile. Mawingu upande wa Mbozi meusi.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua ilitukuta tukitoka kanisani. Si mvua, ni kumwagiwa! Nimekimbia na mtoto kifuani. Nafika, mlango umeshazingirwa. Nikarusha godoro juu ya meza, nikamweka Lusajo juu ya godoro, nikapigana na maji kwa sufuria. Natoa moja, yanaingia matatu. Lusajo anapiga makofi. Nililia kidogo. Nimeandika kidogo, basi iwe kidogo.

Nikasikia jembe.

Nikadhani ni radi. Nikachungulia. Bibi Ketrina! Mama wa watu, kajitanda kanga kichwani, anachimba na kuita. Anawaita kwa majina. Shadrack katokea na chepe. Mzee Rubeni kavaa suti ya kanisani, suruali kaikunja magotini. Shangazi Tumaini na wakwe, waliokuwa wamelala kwa ndugu zao hapa mtaani, wakatokea mbio. Na Fides! Fides na sululu, kalowa chapachapa, anapiga tope kama analidai.

Nilichanganyikiwa kabisa. Hakuna vijiti. Hakuna mgeni. Hakuna aliyeuliza posho. Nikapiga kelele dirishani kwamba msaragambo ulikuwa jana. Shadrack kajibu, "Shemeji, lete karai!"

Nimeleta karai.

Maji yakapata njia, yakaondoka kwa kishindo kama yaliyokuwa yanasubiri kuruhusiwa. Wote wakashangilia. Bibi Ketrina kashika kiuno, kanitazama, kasema, "Mwanangu, kumbe ulikuwa unataka mtaro? Si ungesema tu?"

Fides kasema, "Na mimi anihamishie vijiti wiki nzima! Nikajua huyu dada anataka kuniharibia biashara." Nimemjibu yeye ndiye aliyeanza. Kasema mimi. Nikasema yeye. Huku tunabishana kamchukua Lusajo mezani, kaona analia kwa baridi, kamvua nguo mbichi, kaishika ile fulana turubai, kamviringisha ndani yake mpaka yakabaki macho tu. Mtoto kalala papo hapo, begani kwa Fides, kifuani NIMEJITOLEA. Yeye aliyekula vitambaa vya mwenyekiti!

Nimewapikia wote uji. Sukari ilikuwa haitoshi, hakuna aliyesema. Fides kaondoka wa mwisho. Mlangoni kasema kesho atanitunzia nyanya.

Lusajo analala chini kwenye godoro lake. Chini pakavu. Nimepapasa kwa mkono, nimepapasa tena.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimelala usingizi mzuri, kichwa chepesi, nimeyapima mambo yote. Nimeelewa!

Wale watu hawakuja tu. Mtu haji kwenye tope na suti ya kanisani hivi hivi. Walikuja kwa sababu ya hamasa yangu ya Jumanne. Ilichelewa kuwafikia, basi, kama saa ya simu. Mengine yote niliyafanya sawa.

Asubuhi nimekwenda kwa Mzee Rubeni, nimwombe ampelekee dada Erica taarifa kwamba niko tayari kuhamasisha mkoa mzima. Nianzie Isansa, nipande Mbozi Mission, niteremke mpaka Ivuna kwenye chumvi. Mzee kauliza mtoto ataachwa na nani. Nimesema mtoto ni msaidizi. Kasema maswali mwisho, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Sasa kuna jambo jingine. Paa la jikoni linavuja, juu ya jiko kabisa. Jana Bibi Ketrina akinywa uji tone lilimwangukia kikombeni. Kainua macho, kauliza hilo paa likoje, mwanangu. Nimemwambia paa liko salama.

Nimwombe Shadrack apande na bati moja? Fides asikie? Hapana. Nitaanzisha Wiki ya Mapaa, Songwe yote. Kesho alfajiri, kabla mtu hajaamka, nakwenda kuchomeka vijiti. Vitambaa vyekundu vimebaki, vile ambavyo Lusajo hakuvimaliza.

Nimeshatega simu saa kumi na moja kamili. Ya upande gani, sikuangalia.