Joto la Jirani

Jumatatu, 15 Januari

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Alhamdulillahi kwa kila hali. Dukani mteja mmoja tu, naye hakutaka vifungo wala nyuzi, alikuja kuota moto.

Huu ni mwaka wa tatu sijawasha boila yetu ya gesi, ile ya kupashia nyumba joto. Sisemi kwa majivuno. Tuko ghorofa ya pili. Chini yetu anakaa Bi Hacer, mjane, anayewasha yake tangu Oktoba. Juu yetu yupo Rahmi, dereva mstaafu wa treni, mwepesi wa kusikia baridi. Joto la chini hupanda, la juu hupenya darini, nasi katikati tunatulia kama nyama ndani ya mkate. Ni riziki. Mungu hakuniweka katikati bure.

Leo nimeamka sakafu kama barafu. Kumbe Bi Hacer kahamia kwa binti yake mjini Bursa mpaka baridi iishe. Hakuaga. Mke wangu Safiye hasemi naye tangu ipotee shali ya kijani ya sufu aliyofumiwa na marehemu mama yake. Ilitoweka kwenye kamba ya nguo, na Safiye akasema mkono uliochukua uko ghorofa ya chini. Nami niliitafuta siku tatu. Nikaiombea na dua.

Jumamosi wanakuja kumposa binti yetu Nurcan. Haiwezekani wageni wakute nyumba hivi.

Jumanne, 16 Januari

Nimepanda kwa Rahmi kumjulia hali. Nimemkuta sebuleni kavaa koti na kofia ya manyoya. Akanikaribisha, akasema viatu nivue lakini koti nibaki nalo.

Kazima boila yake. Kwa makusudi. Anasema kanipashia dari miaka mitatu, mwaka huu ni zamu yangu kumpashia sakafu. Nikamkumbusha kwamba jirani ana haki zake. Akasema anazijua, maana hata yeye ni jirani.

Mtu mzima anatetemeka ili mwenzake asipate joto. Husuda ni maradhi.

Nikashuka kuwasha yetu. Tak tak tak tak. Kimya. Taa nyekundu. Nikarudia mara saba. Nikasoma Ayatul Kursiy. Mara ya nane: tak tak tak tak. Taa nyekundu.

Safiye akasema haoni kinachotusumbua, mposaji mwenyewe, Tarik, ni fundi wa boila, anakaa mtaa wa pili, apigiwe simu. Nikakataa. Baba wa binti hamwiti mposaji kuja na mkoba wa vyuma siku nne kabla ya posa. Watasema binti kaozwa kwa spana. Safiye akajibu heri kuozwa kwa spana kuliko kukosa kuozwa kwa baridi.

Wanawake hawaangalii mbali.

Jumatano, 17 Januari

Nimeigonga boila kwa mwiko, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Haikuamka. Nikadhani imeganda. Nikaipulizia kikausha nywele cha Nurcan nusu saa. Boila haikuwaka. Kikausha nywele ndicho kilichotaka kuwaka. Nurcan hasemi nami.

Nikaongeza maji kwenye mabomba mpaka mshale wa kipimo ukagusa pekundu. Yakamwagika kwenye soksi zangu.

Nimepigia simu mafundi wanne. Mji mzima umeganda, wote wamejaa mpaka wiki ijayo. Wa mwisho alinihurumia, akanishauri nimtafute kijana mmoja hodari sana. Anaitwa Tarik.

Alhamisi, 18 Januari

Moyo haujatulia. Baada ya alasiri nikamwuliza imamu, kwa niaba ya mtu ninayemfahamu, kama joto linalopenya kutoka kwa jirani bila ruhusa ni haki ya mja, itakayodaiwa Kiyama.

Imamu akafikiri. Akasema ni kama harufu ya chakula cha jirani, kunusa si dhambi. Nikamshukuru Mungu. Kisha akaongeza kwamba anayenusa kila siku naye hapiki hata siku moja, huyo aone haya. Akaniuliza mimi nakaa ghorofa ya ngapi.

Nikamwambia nawahi dukani.

Ijumaa, 19 Januari

Nimepata njia. Mwili wa mtu ni jiko. Baada ya swala nikawaalika ndugu wanane wa msikitini waje kesho saa sita kumsomea dua marehemu baba. Wanane, wanene wengi, saa mbili nzima. Wakiondoka wao, wageni wanaingia chumba moto.

Safiye ameoka vitamu vya baklava, sinia mbili. Haniulizi kitu. Hilo linanitia wasiwasi.

Jumamosi, 20 Januari

Ndugu walikuja. Chumba kikapata joto zuri mno. Wakala baklava sinia zote mbili. Kisha mmoja akasema kuna hewa nzito, wakafungua madirisha, yote, wakasahau kuyafunga.

Saa nane wakaingia wageni: Tarik, mama yake, na baba yake Haji Talat. Wakavua viatu, wakavaa sapatu, makoti hakuna aliyevua. Haji Talat akaanza kwamba kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wamekuja kumwomba binti yetu. Kila neno lilitoka na moshi wake. Nikawaambia baridi husafisha damu. Mama Tarik akasema basi yake imeshatakata.

Nurcan akaleta kahawa. Ya Tarik aliitia chumvi, kama desturi inavyotaka, ionekane kama ni mvumilivu. Tarik akaishika kwa mikono miwili, akainywa mpaka machicha, akauliza kama ipo nyingine.

Kisha akainama kwangu. "Samahani, Baba. Boila imekataa kuwaka?"

Nikasema imepumzishwa.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu," Nurcan akajibu kutoka mlangoni.

Akavua koti la suti. Akaisikiliza ile tak tak kama daktari. Akauliza bomba la moshi linatokea wapi. Tukamfuata sote kwenye roshani ya jikoni. Akasema boila isiyoweza kupumua haikubali kuwaka, na ashukuriwe Mungu, maana ingekubali sasa tungekuwa tunasomewa dua sisi. Akatia mkono bombani. Akavuta. Akazidi kuvuta. Sufu. Ya kijani.

Hapo nikakumbuka. Mwaka ule wa kwanza, upepo ulipokuwa unaingia kwa bomba, nililiziba. Mungu shahidi, nilidhani ni tambara.

Safiye hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliikung'uta shali, akaivaa vilevile na vumbi lake, akapiga simu Bursa mbele ya wageni. Akamwomba Bi Hacer msamaha, huyu akilia huku, yule akilia kule. Kisha akanikabidhi simu.

"Nimekusamehe, Kadri," Bi Hacer akasema. "Na lile joto nimekusamehe. Nilikuwa najua."

Boila ikawaka kwa tak moja. Haji Talat akavua koti, akavua kofia, akauliza jibu letu ni lipi. Ningesema nini? Nimemtoa binti. Kwa spana, kama nilivyohofia.

Nimeapa juu ya sajada kwamba sitakula tena joto la mtu.

Jumatatu, 22 Januari

Nyumba moto. Safiye anaimba jikoni. Mama Tarik aliniachia zawadi, skafu ya buluu ya sufu, kaifuma mwenyewe majira yote ya kiangazi.

Asubuhi Rahmi aligonga mlango kutoa shukrani. Kavaa fulana. Anasema sakafu yake sasa ni kama hamamu, anatembea pekupeku, Mungu anizidishie.

Nimelitafakari mpaka alasiri. Israfu ni haramu. Na sikuona popote palipoandikwa kwamba ni wajibu wangu kumkanda nyayo dereva wa treni. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyesema mambo ni zamu. Yangu nimeimaliza, siku mbili kamili. Na kupokea zamu ya mtu si kula joto lake. Ikifika Jumatano atakuwa amewasha, namjua.

Nimezima boila. Tatizo ni upepo, unaingia kwa lile bomba.

Skafu nimeikunja mara nne. Imeenea sawasawa. Safiye akiiulizia, nitamsaidia kuitafuta.