Geti Lililia, Treni Ikaondoka Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Wote wanaisimulia vibaya! Kinyozi anadai serikali inaleta kadi ili ijue tunalala wapi. Fundi cherehani anadai treni haisimami tena hapa kuanzia kesho. Waongo wakubwa. Mkutanoni leo, hapa stesheni, mimi nilikaa mbele kabisa, sikio lote kwa yule binti afisa wa wizara. Alisema hivi: tiketi za karatasi basi. Kila mtu kadi, ya treni na ya basi hiyohiyo. Unaigusisha getini ukiingia, unaigusisha tena unakoshukia. Mwezi huu wa majaribio ni bure. Mashine itahesabu watu. Stesheni yenye watu wachache, treni itapita bila kusimama.

Hapo nikakaa wima. Mke wangu yuko kwa binti yetu, karibu na hospitali, miguu imemgomea. Kila Jumapili namfuata kwa treni. Basi halifiki huko, na kwa mguu nitafika nimebebwa. Na humo behewani, mara nyingi tuko mimi na viti.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Kichwa changu hakijazeeka, kimeiva tu. Mashine si inahesabu kadi? Basi tuihesabishe. Nikawaita wenzangu wa benchi la stesheni: tunaingia getini, tunatokea mlango wa mizigo, tunarudi getini. Mpaka mashine iombe maji!

Kinyozi akasema huo ni wazimu uliovaa viatu. Nikamwambia yeye vichwa anavijua kwa nje tu. Wakacheka hadi wakakohoa. Wamekubali wote, hata mama wa magazeti, ambaye mzaha hautaki kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Tumezunguka. Geti linalia ti! ti! kama kifaranga aliyepotea. Fundi cherehani alidondosha kofia ndani, akarudi kuifuata. Nikampigia makofi: safari nyingine hiyo, ndugu yangu! Mama wa magazeti alizunguka na mzigo wake kichwani, akisema nikifa atakuja mazikoni kunicheka.

Treni ilikuja, ikasimama, ikaondoka. Hatukupata hata nafasi ya kuitazama. Tulikuwa kazini.

Jumatatu, 10 Machi
Afisa karudi. Akatangaza kuwa stesheni yetu imeishangaza wizara. Nikanyoosha kola. Kinyozi akanikonyeza.

Akaendelea. Watu wanaingia kwa wingi ajabu, ila ni kama hakuna anayeshuka popote. Wakubwa wamekaa, wamefikiri, wameona wananchi wa hapa wanaipenda stesheni yao, treni ndiyo hawaitaki. Kwa hiyo tutajengewa paa na mabenchi mapya. Treni itapita moja kwa moja.

Mabenchi! Nikamtazama Kinyozi anitukane. Hakunitukana. Nimerudi nyumbani, nimekaa upande wangu wa kitanda, ule mwingine sikuugusa.

Jumanne, 11 Machi
Nimemfuata afisa ofisini kwa stesheni masta. Nilipanga hotuba ndefu, akaniwahi. Akauliza kwa upole, sasa babu, watu wote wale walikuwa wanakwenda wapi? Kinyozi, ambaye sikujua kama yuko nyuma yangu, akajibu kuwa walikuwa wanakwenda kumwona shemeji.

Kisha akaeleza yote: geti, mlango wa mizigo, miguu ya mke wangu. Wala hakunisema vibaya, mshenzi yule. Afisa akasema mlango wa mizigo ufungwe, na hesabu ianze upya hadi mwisho wa mwezi. Safari za kweli tu, babu: kadi iingie hapa, itoke kule. Nikaapa mbele ya wote. Ujanja basi! Nimekoma!

Jumapili, 16 Machi
Nimepanda treni. Mfukoni nina kadi ya Kinyozi, ya fundi cherehani, ya mama wa magazeti na ya benchi zima. Nilizikusanya mwenyewe. Kwa nini wazee wa watu wachoke bure? Nimezigusisha zote hapa, ti ti ti ti, nikazigusisha zote kule. Zimeingia, zimetoka. Safari za kweli kabisa, sijavunja neno la afisa hata moja! Behewani tulikuwa mimi na viti, ila kwa mashine tulibanana.

Nimemsimulia mke wangu. Amecheka mpaka akashika mbavu, akasema tangu nimwoe hajaona akili kama hii.

Haya, hapo nimetia chumvi. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wangu kaushika, halafu akauliza kama Jumapili ijayo treni itasimama. Nikaupigapiga mfuko, asikie kadi zinavyogongana.