Mkopo wa Vidole

Kufikia saa nane mchana, Kikosi Maalumu cha Makuruta wa Kiufundi, Kalemie, kilikuwa kimekopa vidole mia mbili na kumi, na wino ulikuwa bado unatosha. Sijasikia mji mwingine wa Zaire uliofika hapo. Ninaandika bila majivuno.

Mimi ni Ngoy, cheo changu Ajida, mkuu wa mafunzo. Makuruta wangu ni sita. Kwa wiki tatu niliwafundisha kushika kidole cha raia kwa heshima, kukilaza kwenye tampo ya wino, kukibingirisha kwenye karatasi kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kumpa mwenyewe risiti. Wino haukuwa umefika, kwa hiyo tulijifunza kwa mawese. Karatasi zote za mtihani zililiwa na panya, na makuruta wote sita walifaulu.

Amri ilitoka Lubumbashi kwa foni, ile simu ya redio, siku ya upepo mkali. Kuruta Kizito, aliyekuwa zamu, aliandika kama alivyosikia: kila raia mkubwa atoe “emprunt digital”. Mimi sikusoma shule nyingi, lakini nina kamusi ya Kifaransa. Neno la kwanza: mkopo. Neno la pili: wa vidole. Niliangalia mara mbili, kwa sababu jambo lilikuwa kubwa. Kamusi haikubadilika.

Komanda Mwamba, mkuu wa kikosi, alifurahi sana, tukatunga kanuni za mkopo. Kanuni ya tatu aliitunga mwenyewe: kidole kilichokopwa ni cha Serikali kwa siku thelathini, kitafanya kazi ya Serikali peke yake, na atakayekitumia kwa faida yake atafungiwa kasho, jela yetu, siku saba. Komanda alikuwa anajenga nyumba karibu na ziwa, na aliona kwamba nyumba hiyo nayo ni ya Serikali kidogo. Kanuni ya tano niliitunga mimi: kuruta wa kiufundi hatumwi kazi nyingine bila karatasi yenye saini ya Komanda. Mke wake alikuwa anawatuma maji.

Komanda alitia saini kanuni zote bila kusoma. Kisha, ili kutoa mfano, alivua kofia mbele ya watu na kuwa wa kwanza kukopesha vidole vyake kumi. Wa pili nilikuwa mimi. Watu walipiga makofi. Walikuwa bado na vidole.

Basi, saa nane hiyo, zamu ilimfikia Mama Célestine, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu.

“Jina?” aliuliza Kizito.

“Célestine.”

“Majina ya kizungu yamekatazwa, Mama.”

“Na weye Kizito, si padri njo alikupa ile yako?”

“Andika Mujinga, ni jina la kwetu,” nilisema, ili kazi iendelee.

Beseni lake la ndagala lilikuwa chini, karibu na miguu. Foleni nzima ilijua habari yake. Binti yake alikuwa amejifungua kule Nyunzu, hana cha kutia kwenye chungu, na treni ilikuwa inaondoka gare, stesheni yetu, saa kumi. Lakini Komanda alikuwa ameagiza beseni hilo hilo lifikishwe nyumbani kwake kwa ukaguzi, kama kila wiki. Ndagala zilizoingia kwenye ukaguzi hazijawahi kutoka.

Alipomaliza kidole cha kumi, Mama Célestine aliitazama mikono yake myeusi.

“Papa Ajida, hivi vidole si vyangu tena?”

“Ni vya Serikali, Mama. Risiti ndiyo hii.”

“Na kubeba ndagala kwa Komanda, njo kazi ya Serikali?”

Mimi si mtu wa haraka. Nilifungua orodha ya kazi za Serikali: barabara, mitaro, salongo ile ya usafi wa lazima, kuwaimbia wageni. Chakula cha Komanda hakikuwamo.

“Hapana, Mama.”

“Kubeba ku gare?”

“Hapana vilevile.”

“Na kichwa? Kichwa mulikikopa?”

Niliangalia fomu. Visanduku kumi, vyote vya vidole.

“Kichwa ni chako.”

“Basi kichwa kinaenda ku gare. Mama Emilie, unitwike.”

Mama Emilie, aliyekuwa nyuma yake na vidole vyake huru, alimtwika. Hapo Komanda akatoka mbio ofisini mwake, biro.

“Simama! Leta ile beseni!” Akanyoosha mikono.

“Komanda,” nilisema taratibu, “vidole.”

Alisimama, vidole kumi hewani, karibu sana na ndagala.

“Kizito! Umunyang’anye!”

Kizito alisimama wima. “Karatasi yenye saini, Komanda. Kanuni ya tano.”

“Leta kalamu!”

“Saini ya kuleta chakula chako ni faida yako,” nilimkumbusha. “Siku saba.”

Papa Norbert, karani mstaafu wa reli, alikohoa kwenye foleni. “Ngoy, mutoto wangu, ile neno si emprunt. Ni empreinte. Alama ya kidole. Wanataka alama tu, vidole munaachia wenyewe.”

“Umesikia?” alipiga kelele Komanda. “Ulizia kwa foni, sasa hivi!”

“Vizuri. Lakini foni ni kazi ya Kizito, na leo Kizito anakopa. Kumtuma kwingine kunahitaji saini.”

“Nani alileta hizi kanuni za kijinga?”

Nilimwonyesha chini ya karatasi. Saini yake ni nzuri sana.

Aliingia biro na kuufunga mlango kwa teke. Foleni ilimfungulia Mama Célestine njia. Alipita kichwa kikiwa kimenyooka, mikono imening’inia kama ya mtu aliyestaafu.

Saa kumi treni ilipiga filimbi. Saa kumi na moja tulifunika tampo. Fomu mia moja na nane zimebaki. Komanda bado yumo ndani, anagonga kwa kiwiko. Kitasa kinazungushwa kwa vidole, na kwenda nyumbani hakumo kwenye orodha. Wala kumfungulia hakumo, nimeangalia. Nimemweleza dirishani kwamba kazi itaendelea kesho saa mbili, na kwamba kwa ombi la kufunguliwa yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni.