Baba Alifia Kwenye Kiitikio

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi mbaya. Mama kanituma mkate, nikamkuta muuza mkate anaimba huku anafunga. Anaimba shairi la Hadewych. Tena si kwa kubahatisha, anajua hadi ubeti wa pili.

Hadewych huyuhuyu. Mwaka jana tulikuwa tukipokezana naye jukwaa kwenye chumba cha chini cha ule mkahawa nyuma ya uwanja wa soko wa Vrijdagmarkt, tukighani mbele ya watu waliokalia kreti za bia. Leo kaweka ngoma na gitaa chini ya maneno yake, na jiji zima la Gent linayaimba. Sina wivu. Naandika hilo ili lijulikane.

Ila mshairi bora ni mimi. Mimi nikighani, watu hulia. Yeye hupigiwa makofi tu.

Uamuzi: kuwa nyota wa muziki kabla ya kiangazi. Nimempigia simu Gijs, prodyuza aliyetengeneza wimbo wa Hadewych, nikamghania "Jiji Kama Jeraha" papo hapo. Alinyamaza muda wote. Nilidhani ameguswa, kumbe aliiacha simu mezani akaenda kuchemsha mayai. Aliporudi akauliza kama nina kitu cha kuliza watu. Nikamwambia ninacho. "Kiti cha Baba."

Maelezo kwa watakaoichapisha shajara hii: "Kiti cha Baba" ni shairi kuhusu kifo cha baba yangu, Roland, mtu mkimya, mfuga njiwa, aliyeingia kaburini bila hata siku moja kuniambia kwamba ananipenda. Ndiyo kazi yangu kuu. Baba yuko jikoni sasa hivi, anakula kroketi, vile vibonge vya kukaanga vya kamba wa baharini, na kulalamika kwamba haradali imekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Studio ya Gijs ni gereji ya dada yake. Unarekodi ukiwa umebanwa kati ya mashine ya kufulia na kamba ya kuanikia soksi. Nikaghani shairi zima. Gijs akafuta machozi. Kisha akaanza kukata.

Akakata ubepari. Akakata Ugiriki ya kale. Akakata mto Leie pamoja na ukungu wake wote. Akakata hata ule ukimya wangu wa katikati, nilioufanyia mazoezi majira yote ya baridi mbele ya kioo. Nilipinga vikali.

"Sikiliza, bwana mshairi," akasema. "Watu wanataka kulia huku wanacheza. Ugiriki haichezeki."

Nikamjibu kwamba sanaa yangu si nyama ya kukatwa kwa kilo. Yeye akabonyeza kitufe. Ngoma zikaingia chini ya kiitikio, mstari mmoja kati ya michache iliyosalia: *Baba, kiti chako kitupu, kitupu, kitupu.* Mguu wangu ukaanza kutikisika wenyewe. Nikakubali.

Wakati wa kuagana akaniuliza kwa upole mzee alifariki lini. Nikasema bado ni vigumu kulizungumzia. Huo si uongo. Ni vigumu mno.

Jumapili, 9 Machi

Wimbo umetoka Ijumaa. Leo nimeusikia kwenye tramu, kwenye duka la viatu, na kwa wasichana fulani kwenye daraja waliokuwa wakicheza huku wameshika vifua. Mmoja akanitambua. Akanikumbatia, akanipa nusu ya pakiti yake ya chipsi, mayonezi na yote. Ndiyo mara ya kwanza ushairi kunilisha.

Hadewych amepiga simu. Alikuwa analia. Akasema, "Pole sana, Wannes. Miaka yote ile tunacheka pale chini, kumbe unabeba zigo hilo peke yako. Mbona hukuniambia?" Hapo nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema kweli. Nikakohoa. Akasema wimbo wangu ni mzuri kuliko wake. Nikamwomba arudie, mtandao ulikuwa unasumbua. Haukuwa unasumbua.

Kuhusu Baba, hakuna hatari. Redio yake haijui stesheni nyingine zaidi ya ile ya hali ya hewa na taarifa za njiwa wa mashindano walioachiliwa kuruka. Simu yake ni ya kupiga na kupokea, na hata hivyo hapokei.

Jumatatu, 10 Machi

Hatari ilikuwa upande mwingine. Mama alikwenda saluni. Wimbo ukapigwa. Msusi akamshika Mama mikono miwili, akamwambia awe na nguvu, wateja wote wakainamisha vichwa. Mama akadhani Baba amepatwa na jambo asubuhi ileile. Akakimbia hadi nyumbani, dawa ya nywele kichwani na taulo la saluni shingoni. Akamkuta Baba anakata kucha.

Hakumwambia kitu. Alipanda juu chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa kitandani huku anahema.

"Umenizeesha miaka kumi kwa mtaa mmoja," akasema. "Utamwambia mwenyewe, au nimwambie mimi?"

Nikamweleza kwamba katika fasihi, baba si baba, ni ishara. Akasema ishara hiyo imenilipia ada za shule na matibabu ya meno. Nikaahidi kumwambia. Sikutaja siku.

Jumanne, 11 Machi

Habari kubwa. Redio ya taifa inakuja kurusha matangazo ya moja kwa moja kutoka jikoni kwetu, keshokutwa asubuhi. Wanataka kukiona kile kiti. Gijs amenipigia akipiga kelele za furaha. Anasema baada ya hapo ni matamasha ya kiangazi, jukwaa kubwa, mimi kabla ya Hadewych au hata baada yake, maana nyota ndiye hupanda wa mwisho.

Tatizo moja: Baba hukaa kwenye kiti hicho kila asubuhi.

Mpango wa kwanza: kumpeleka Baba pwani, Oostende. Nikamnunulia tiketi ya treni na kofia ya jua. Akaigeuza kofia kama mtu anayekagua mtego. Akauliza nimevunja nini. Nikasema ni upendo tu wa mwana kwa baba. Akasema haendi popote, njiwa wake wa kijivu ana mayai.

Mpango wa pili: nikamuuliza kama amewahi kufikiria kunyoa masharubu na kutumia jina lake la pili. Akaacha kutafuna.

Mpango wa tatu: nimeukuta usingizini wakati wa mchana. Atakuwa baba mdogo. Mdogo wa marehemu, aliyekuja kutufariji. Kinachobaki ni kumjulisha.

Jumatano, 12 Machi

Sijawahi kuwa na siku kama hii. Naandika ilivyokuwa.

Baba alikwenda kwenye mkutano wa chama chao cha wafuga njiwa. Alichelewa. Alipofungua mlango, aliwakuta wanachama wote wamesimama kimya, vichwa chini. Baba ni mtu wa heshima. Akavua kofia, akasimama nyuma kabisa, akanyamaza pamoja nao. Anasema alijaribu kumkumbuka marehemu, yeyote awaye, kwa mema.

Ukimya ulipozidi, akamnong'oneza mzee aliye mbele yake, "Nani katutoka?"

Yule mzee akajibu bila kugeuka, "Roland. Njiwa wake wamepewa mwenzetu Firmin."

Kisha akageuka. Wakampeleka nje kupata hewa, yule mzee, si Baba.

Mjukuu wa mmoja wao alikuwa amewasikilizisha wimbo. Ndivyo walivyojua. Kumbe wengine walishaanza kugombania hata dume lake la mashindano.

Baba alirudi kwa miguu. Nilikuwa jikoni nafanya mazoezi ya kuonekana nimefiwa. Akatundika koti. Akakaa kwenye kiti.

"Wannes, mwanangu," akasema. "Nimekufa?"

Nikaanza na ile ya ishara. Mama, aliyekuwa anakoroga nyama iliyopikwa kwa bia, akasema, "Nyamaza, mpigie wimbo."

Nikaupiga. Sijawahi kuona wimbo wa dakika tatu ukichukua muda kama ule. Gijs amejaza makofi mengi mno katikati, sasa naliona hilo. Baba aliusikiliza ameweka viganja juu ya magoti. Ulipokwisha akaomba urudiwe. Nikaurudia.

"Unasema hapa nilikuwa na mikono mizuri," akasema.

Nikasema ndiyo. Mikono inayoweza kushika ndege bila kumtisha. Ulikuwa mstari wa zamani, Gijs alisahau kuukata.

"Hujawahi kuniambia hivyo."

Nikasema hapana.

"Na unasema sikuwahi kukwambia kwamba nakupenda."

Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani, nadhani, bila mazoezi.

"Kwa hiyo mpaka nife ndiyo tuongee," akasema. Akaenda juu darini, kwenye banda la njiwa wake. Hakugusa nyama.

Mama akanitazama, mwiko mkononi. Nilijisikia vibaya sana. Nilijisikia vibaya hadi nikakosa hamu ya kula, kisha nikala. Kisha nikapanda ngazi nikamwomba Baba radhi kupitia mlango wa banda. Nikasikia anawamwagia njiwa nafaka. Nilipoona ametulia, nikamuuliza kama kesho angeweza kuwa baba mdogo.

Alhamisi, 13 Machi

Walifika kabla hatujamaliza kahawa. Mtangazaji, mwanamke mwenye sauti ya asali, na fundi mmoja wa mitambo. Mama alivaa sweta la njano, la sherehe, kwa makusudi. Mtangazaji akamsifu kwa ujasiri wake.

Kiti kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimekiwekea mshumaa. Hewani nilikuwa mzuri, ni lazima niseme. Sauti ilikatika mahali panapofaa. Mtangazaji akanishika mkono, akauliza ni kitu gani ningemwambia baba yangu kama angeingia kupitia mlango ule.

Akaingia kupitia mlango ule.

Alikuwa na manyoya ya njiwa kwenye sweta. Akauondoa mshumaa, akaketi, akajimiminia kahawa. Mtangazaji akauliza kwa sauti ya chini huyu bwana ni nani. Nikawahi: baba mdogo.

"Mimi ndiye marehemu," akasema Baba.

Taifa zima likasikia kijiko kikizunguka kikombeni.

Mtangazaji ni mtu wa kazi yake. Akageuza kipaza sauti. Akamuuliza Baba anajisikiaje. Baba akasema magoti yanamsumbua, vinginevyo hajambo. Akamuuliza maoni yake kuhusu wimbo. Baba akafikiri. Akasema ngoma ni nyingi, lakini kijana ana sauti. Kisha akasema, "Mimi si mtu wa maneno. Yeye ndiye wa maneno. Nilidhani anayajua hayo mengine bila kuambiwa."

Fundi wa mitambo alilia. Mama alilia. Nami niliona kabisa kwamba Baba, bila mazoezi yoyote, alikuwa ananifunika.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwisha. Wimbo umeondolewa redioni. Mtandaoni naitwa Mzishi. Muuza mkate amenipa mkate wa jana kwa bei ya leo. Mwalimu wangu wa shule ya msingi, ambaye nilidhani alishafariki, ameandika kwamba hata zamani nilikuwa hivyo.

Gijs kapiga simu. Hakukasirika. Anataka namba ya Baba. Anasema mzee ana sauti. Nikamwambia Baba hana simu. Anayo.

Hadewych naye kapiga. Alicheka mpaka ikabidi aweke simu chini aanze upya. Kisha akasema, "Wewe ni mwongo, na ni mjinga, na yale machozi yangu nayataka yarudi. Ila njoo Jumanne pale chini. Ghani kitu cha kweli. Kreti yako ipo." Alisema kwa wema. Nikamwambia nitaangalia ratiba.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Baba ameniita juu. Hajaniita kwenye banda tangu nilipoacha mlango wazi nikiwa mtoto wa shule. Yai moja la yule wa kijivu limeanguliwa. Akaniwekea kinda kiganjani, akayapanga vidole vyangu kimoja kimoja. Lilikuwa la moto, baya la sura, linapumua kwa mwili mzima. Tukasimama hivyo. Jua lilikuwa linaingia kupitia mbao.

Baba akakohoa. Akaangalia paa. Akasema, "Wannes, mimi..." Akasita. Shingo ikamwiva. Kisha akalisema lile ambalo hakuwahi kulisema. Lote, hadi mwisho, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Nilifuta macho kwa bega. Kisha nikamwomba alirudie, karibu zaidi na mfuko wa shati langu, kwa sababu simu iliyokuwa humo haikuwa imeanza kurekodi.

Akalichukua kinda. Akalirudisha kwa mama yake. Akashuka. Namsikia huko chini anamsimulia Mama, na Mama hajibu kitu, jambo ambalo kwa Mama ni baya kuliko kelele.

Hata hivyo, mwishoni simu ilianza kurekodi. Nimepata sauti ya mabawa. Nimeipeleka kwa Gijs, na anasema inaweza kugeuzwa ngoma.

Nimeanza wimbo mpya leo hii. Huu ni wa kweli kabisa, kama Hadewych alivyoshauri. Unamhusu mwanamke mmoja mwenye sweta la njano, anayesimama jikoni bila kusema neno. Mama ni mzima wa afya, namshukuru Mungu. Ila katika ubeti wa pili ameanza kukohoa.