Wagonjwa Wanne wa Kemondo

Corolla ya Byarugaba ilikuwa na kila kitu isipokuwa matairi ya kutembelea. Ilikaa juu ya mawe nyuma ya chumba chake cha kupanga pale Kibeta, imeng'arishwa mpaka kuku walikuwa wanajitazama mlangoni. Matairi yake manne ya kipara yaliegemezwa ukutani. Kuyapeleka Muleba ilikuwa ni kumjaribu Mungu.

Na Muleba ndiko alikotakiwa Jumamosi. Mzee Ildefons, mwalimu mstaafu, alikuwa amesema wazi: anayekuja kujitambulisha kwa ajili ya binti yake Annastella aje na gari lake. Mzee alikuwa amechoshwa na wachumba wa kuazima. Mmoja alikuja na suti ya kuazima, mwingine na mjomba wa kuazima. Byarugaba alimpenda Annastella kweli. Katika yote aliyoyasema kila siku hilo pekee ndilo lilikuwa la kweli, na tumpe haki yake mapema, kwa sababu baadaye hatutapata nafasi.

Wiki hiyo, pale stendi ya Bukoba, madereva wanne wa Probox za Muleba walikuwa wamefunga matairi mapya. Byarugaba alisimama akayatazama kama fisi atazamavyo mkono wa mtu unaoning'inia. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa vifuniko vinne vidogo vyeusi.

"Jamani, mnabeba roho za watu bila kipimo?" aliuliza kwa huzuni. "Hiki unakifunga kwenye mdomo wa tairi, kinaongea na simu yako. Upepo ukipungua, simu inalia."

"Bei?" aliuliza Dativa, mwanamke pekee kati yao na mgumu kuliko wote.

"Nani ametaja bei, dada yangu? Seti ina vifuniko vinne, ninyi mko wanne. Kila mmoja achukue kimoja, simu zenu zote naziweka kwenye kundi moja. Tairi la Gozbert likiugua akiwa Muhutwe, Ishengoma anajua akiwa nyumbani Kagondo."

Seti ile ilitengenezwa kwa ajili ya gari moja, kwa hiyo kila simu ilionyesha mchoro wa gari moja tu. Dativa akawa tairi la mbele kushoto, Ishengoma la mbele kulia, Gozbert na Buberwa wakawa nyuma. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Hapo ndipo Byarugaba, mzaliwa wa Kaagya, alipoweka tumaini lake lote. Aliwajua watu wake: Mhaya ataungama dhambi zote, lakini hataungama kwamba Kiingereza kimemwishia.

Akajitenga kidogo, akafungua simu yake, ambayo ndiyo ilikuwa kiongozi wa kundi, akapandisha kiwango cha upepo mpaka tairi zima likahesabiwa kuwa na upungufu. Simu nne zikalia pamoja, mchoro ukawa mwekundu.

"Imeandikwa nini?" aliuliza Gozbert. "Miwani nimeisahau."

Ishengoma alikuwa amemaliza kidato cha sita na hakuruhusu mtu asahau. Aliikazia macho simu. "Inasema tairi lina... uchovu wa ndani."

"Hata mimi ndivyo nilivyosoma," alisema Buberwa, simu yake ikiwa juu chini.

Byarugaba alikuwa ameandaa maelezo mengine kabisa. Lakini mjanja wa kweli hutambua zawadi anapopewa.

"Umetafsiri kitaalamu, kaka. Tairi jipya likibebeshwa mzigo ghafla, linachoka. Likapumzike kwa Najibu, fundi wa Kemondo, mpaka wiki iishe. Na kifuniko kibaki juu yake, ili mumwone mgonjwa anavyoendelea."

"Na mimi nitembelee nini?" aliuliza Dativa.

"Namwazima kila mmoja tairi langu moja. Corolla na Probox ni ndugu, rimu zinavaana. Matairi yangu ni ya zamani, lakini hayana uchovu. Yameshazoea."

Basi matairi manne mazuri yakalazwa katika banda la Najibu, rafiki wa Byarugaba tangu shule, na madereva wakaendelea na kazi, kila mmoja na kipara chake kimoja. Kila jioni Byarugaba alishusha kiwango kidogo, na mchoro ukatoka wekundu ukaingia manjano. Stendi nzima ikachangamka. "Mgonjwa wako ameamkaje?" "Hajambo, amepata nafuu." Gozbert, Mkatoliki, alifanya ishara ya msalaba kila alipopita mbele ya banda la Najibu. Ishengoma, Mlutheri, alipunguza mwendo tu.

Jumamosi asubuhi Dativa alikuwa anasubiri abiria. Alitazama simu akapiga kelele: "Wamepona! Wote kijani!"

Wenzake wakaja mbio. Wakapongezana, wakashikana mikono. Kisha Dativa akakunja uso. "Lakini mbona wanakimbia?"

Ishengoma akasogea kusoma. "Hilo ni zoezi la kurudisha nguvu."

"Acha Kiingereza chako, tazama ramani! Wamepita Muhutwe, wanaelekea Muleba. Ishengoma, wagonjwa wetu wote wanne wamepanda gari moja."

"Maawe!" alisema Gozbert, na safari hii hakufanya ishara yoyote.

Byarugaba alikuwa amesahau jambo moja dogo. Simu yake ilikuwa bado ndani ya kundi, na kila ilipovisoma vile vifuniko njiani, iliwapasha habari wenye mali. Probox nne ziliondoka stendi bila abiria, jambo ambalo watu wa Bukoba hawakuwa wamewahi kuliona.

Huko Muleba mambo yalikuwa mazuri. Corolla iliachwa nje ya migomba, kwa kuwa njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, lakini Mzee Ildefons alitoka kwanza akaikagua na kulipapasa tairi.

"Haya ni mapya."

"Mzee, mimi na vitu vya zamani hatupatani."

Wakaketi sebuleni. Annastella akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akamtupia Byarugaba jicho moja lililomfanya asahau jina lake. Najibu, aliyekuja kama mshenga, akaanza hotuba. Ndipo simu ya Byarugaba ikalia.

"Hiyo nini?" aliuliza Mzee.

"Inasema tairi limeishiwa upepo, mzee."

"Si uende ukatazame?"

Byarugaba alicheka kwa raha. "Usiwe na wasiwasi. Chombo hiki kinadanganya sana. Mimi mwenyewe ndiye niliyekifundisha."

Alitafuna kahawa yake polepole. Simu ikalia tena, na tena. Najibu, ambaye ni fundi, alianza kuchungulia mlangoni, lakini mshenga haachi hotuba katikati mbele ya mwenye nyumba. Ilipolia mara ya nne, Byarugaba aliizima.

Chakula kilipokwisha, Mzee aliwasindikiza wageni, kama inavyopasa. Walipotoka kwenye migomba, Byarugaba akasimama ghafla. Corolla ilikuwa juu ya matofali. Pembeni, vipara vyake vinne vilikuwa vimeegemezwa vizuri, na vile vifuniko vyeusi vimefunguliwa na kuwekwa juu yake, maana hakuna aliyetaka kubaki na cha mtu. Madereva wanne waliketi kwenye nyasi, mikono myeusi, wanatafuna kahawa, na kikapu alikuwa amekishika Annastella.

"Hayo ni matofali ya choo changu," alisema Mzee.

"Nimeyatoa mimi, tata," alisema Annastella. "Mama huyu aliniomba kitu cha kuegemeza gari. Nikamwuliza kwa nini, akanieleza yote."

Hakumtazama Byarugaba. Hilo lilimuuma kuliko matairi.

"Kijana," alisema Mzee, "matairi yako wapi?"

Ulimi wa Byarugaba haukuwa umewahi kumwangusha. Ukafanya kazi yake kabla hajauzuia.

"Mzee, yamechoka. Yamekwenda kupumzika."

Mzee Ildefons akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepokea daftari alilolitarajia.

"Basi na posa nayo ikapumzike. Ikipata nafuu, tutaiona kwenye simu."

Dativa akainuka, akajipangusa mikono, akafungua mlango wa Probox yake na kuita kwa sauti ya stendi: "Bukoba wawili! Wawili tu, gari linaondoka!"