Siku Niliyopeleka Ulimi Wangu Kuomba Kibali

Leo nimejiaibisha mbele ya serikali. Nasema serikali kwa sababu nembo yake ilikuwa pale pale, sentimita chache tu kutoka mdomoni mwangu. Mtaelewa mbele.

Niko kwenye duka la intaneti karibu na stendi ya Mbinga. Nimelipia nusu saa. Mikono bado inanukia sabuni ya kipande. Nawaandikia nyie kwanza, kabla ya mama mdogo, maana mama mdogo akijua leo, Jumapili kanisa zima la Mbamba Bay litakuwa linanipa pole.

Kwa wasionifahamu hapa: mimi nimezaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi. Nilikuja kwa mama mdogo aliyeolewa huku, nikapanda milimani kutafuta kazi, na sasa ni mwonjaji wa kahawa wa chama kimoja cha wakulima maeneo ya Kingerikiti. Kahawa ikishakobolewa tunachukua kidogo, tunakaanga, tunasaga, tunaimwagia maji ya moto, halafu mimi naonja na kusema ina kasoro gani. Siku hizi kila mwenye gari anaruhusiwa kuja kununua, na kila anayekuja anasema kahawa yenu mbaya, ili ashushe bei. Wakulima walitaka mtu wao wa kumjibu. Mtu huyo ni mimi. (Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kitabu kisicho na jalada nilichokikuta ghalani kimefunika debe. Kilikosa kurasa tisa. Mpaka leo sijui kurasa hizo zilisema nini, na nina hakika ndizo zilizokuwa muhimu.)

Sasa basi. Karatasi yangu ya kuishi nchini inaisha Ijumaa hii, na uchumaji ndio umeanza. Nisipopata kibali kipya, kile cha mgeni mwenye ujuzi anayetaka kukaa kwa kudumu, napanda meli narudi kwetu, na wakulima wanabaki na mnunuzi na maneno yake. Maombi hayatumwi. Unayapeleka mwenyewe, unakaa kwenye kiti, unaulizwa maswali.

Mnanijua. Nilijiandaa mpaka ikawa ugonjwa. Nakala tatu za kila karatasi. Orodha ya yaliyomo kwa kalamu za rangi tatu. Maswali ishirini niliyojiuliza mwenyewe mbele ya kioo, na majibu yake nimeyapa namba. Na kwa kuwa jioni nilikuwa na sampuli kumi na mbili za kuonja, sikula kitunguu, sikupaka mafuta ya kunukia, sikunywa hata chai. Nimeshuka kwenye basi Mbinga nikiwa na njaa na bila harufu yoyote, kama bati jipya.

Mlangoni mwa ofisi ya uhamiaji nikamwamkia mlinzi, "Shikamoo." Alikuwa kijana wa umri wangu, pengine mdogo kuliko mimi. Hakusita hata kidogo. "Marahaba, mwanangu. Pita."

Ndani kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa kaka mmoja muuza vitenge kutoka Msumbiji, anasubiri zamu. Mimi nikaitwa mezani. Afisa alikuwa Mama Kapinga, mwanamke wa umri wa mama yangu, sare yake imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Meza ilikuwa imejaa mafaili, hivyo alivua kofia yake ya kazi akaiweka kwenye kiti kitupu kilichokuwa kushoto kwangu. Aliiweka chali, mdomo juu.

"Kazi yako?"

"Mwonjaji wa kahawa, mama."

Akaacha kuandika. "Kuonja."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nina wanangu wanne nyumbani, wote wanaonja. Sukari hasa. Na wao niwaombee kibali?"

Nyuma yangu kaka wa vitenge alicheka kwa pua.

"Cheti kiko wapi?"

Cheti sina. Nikampa barua ya Mzee Nchimbi, mwenyekiti wetu, aliyoiandika kwa mkono wake: *Huyu binti ndiye ulimi wetu. Tunaomba msitukate.* (Nilimsihi aondoe sentensi ya pili. Alisema bila hiyo ya pili, ya kwanza haina maana.)

Mama Kapinga aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri.

"Binti, barua ni nzuri. Lakini hapa pameandikwa ujuzi. Ujuzi ambao siwezi kuupata kwa mtoto wa hapa. Sasa mimi niandike nini? Kwamba Mzee Nchimbi anakupenda?"

Jibu lake nilikuwa nalo. Lilikuwa jibu namba kumi na nne. Nililitafuta kichwani, nikakuta namba kumi na tatu na namba kumi na tano.

"Umekula lakini?" akauliza.

"Bado, mama."

"Ndiyo maana maneno yanakupotea." Akainama, akatoa chupa ya chai chini ya meza na vikombe viwili. "Saa yangu ya kahawa imefika, na siwezi kunywa peke yangu mbele ya mtu. Hii ni ya nyumbani kabisa. Mama yangu mwenyewe kaichuma, kaikaanga, kaitwanga. Karibu."

Hapa lazima niwaeleze kitu kuhusu kazi yangu. Mwonjaji hanywi. Anavuta kahawa kwa nguvu pamoja na hewa ili ienee mdomo mzima, anaizungusha, kisha anatema. Usipotema, ukifika kikombe cha arobaini unasikia moyo wako masikioni. Kazini nina kopo langu la kutemea. Liko kushoto, kimo cha kiti. Siku zote kushoto. Miaka mitatu natema bila kuliangalia.

Nikashika kikombe. Nia yangu, naapa, ilikuwa kunywa kama binadamu.

Nikaivuta. Mlio ulikuwa kama kitambaa cha shuka kinachanwa. Mwandishi wa mashine meza ya pili akaacha kuchapa. Mimi sikumwona, nilikuwa nimefumba macho. Nikaizungusha kulia, nikaizungusha kushoto. Nikageuka, nikatema.

Ilitoka safi, nyembamba, imenyooka. (Nisingependa kujisifu, lakini hakuna hata tone lililoangukia sakafuni.)

Kilichonishtua ni sauti. Kopo langu hulia kama bati. Hii ilitua kimya.

"Dada," kaka wa vitenge alisema polepole, kama anamwamsha mgonjwa, "hiyo ni kofia."

Nikafumbua macho. Ilikuwa kofia.

Niliona meli. Niliona ufukwe wa kwetu na mama yangu amesimama, anauliza mbona nimerudi. Niliona nembo ya Jamhuri inaniangalia kutoka upande wa pili wa ukingo. Nikashuka kwenye kiti nikapiga magoti, nikaanza kupangusa kwa kitu cha kwanza nilichokishika, ambacho kilikuwa nakala ya tatu ya orodha yangu ya rangi tatu. Kwa hiyo sasa kofia ilikuwa na kahawa na wino.

"Inuka," akasema Mama Kapinga. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Umetema kahawa ya mama yangu."

"Mama, nisamehe, kofia nita..."

"Ya kofia tutayafikia. Nauliza ya kahawa. Ina nini?"

Mtu mwenye akili timamu angesema nilipaliwa, kahawa tamu, hongera kwa mama. Mimi naweza kudanganya umri. Naweza kudanganya kwamba nimeshiba. Kuhusu kahawa siwezi, nimejaribu, nakosa usingizi.

"Imeanikwa chini, mama. Haikuwekwa juu ya kichanja. Ina ladha ya udongo. Na..."

"Na nini?"

"Na imekaa chumba kimoja na usipa."

(Kwa mlio mbali: usipa ni dagaa wa ziwa letu. Wakishakauka, harufu yao inavuka mpaka bila kuomba kibali.)

Mama Kapinga aliniangalia, akachukua simu yake, akapiga. Aliyepokea alikuwa mtu wa kuzungumza na simu kana kwamba yuko mlima wa pili, kwa hiyo ofisi nzima tulisikia.

"Shikamoo, mama. Ile kahawa uliyonipa, uliianika wapi?"

"Si hapo uani."

"Juu ya kichanja?"

"Kichanja gani? Kimeliwa na mchwa tangu mwaka juzi, baba yako anakipita tu kila siku."

"Na baada ya hapo uliiweka wapi?"

"Chumba cha nyuma."

"Pamoja na nini?"

"Pamoja na usipa wa shangazi yako wa Mbamba Bay. Kwani nani kaja kupekua nyumba yangu?"

Mama Kapinga aliagana naye vizuri, akaweka simu chini. Akanusa kikombe chake. Akanusa tena, safari hii polepole.

"Mwezi mzima," alisema, "nasema ofisi hii inanuka samaki. Nimeshahamishia watu wawili kwenye lile benchi, nikidhani ni wao."

Kaka wa vitenge akainua mkono. "Mmoja ni mimi, mama."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mwandishi wa mashine akacheka, na mimi nikalia. (Machozi ya kawaida tu. Kama kikombe kimoja.)

"Nenda kafue kofia yangu," akasema akijifuta macho. "Bomba liko nyuma."

Nikafua. Kaka wa vitenge alinifuata na kipande cha sabuni kutoka kwenye mzigo wake. "Mimi nimekuja hapa naogopa karatasi zangu zina kasoro," akaniambia. "Dada, umenipa moyo." Nikafua mara tatu. Nikaianika kwenye ua wa michongoma, na yule mlinzi, baba yangu wa asubuhi, akasimama kando yake kuilinda. Kila aliyepita aliuliza, naye alieleza, kila mara kwa urefu zaidi.

Niliporudi ndani, faili langu lilikuwa wazi. Chini, kwenye nafasi ya maoni ya afisa, ameandika kwa mkono: *Mwombaji ameonyesha ujuzi wake ofisini, mbele yangu. Ujuzi huu sijapata kuuona kwa mwingine. Nimeridhika na napendekeza apewe.* Na muhuri.

"Hili linaondoka leo kwenda juu," akasema. "Na hii karatasi inakushikilia hapa mpaka jibu lije, usihangaike na Ijumaa. Nikisharidhika mimi, huwa hawalirudishi."

Nilitaka kusema jibu lolote, hata namba kumi na nne. Nikasema asante mara nane.

"Bado sijamaliza. Jumamosi unakuja na mimi nyumbani, unamfundisha mama kutengeneza kichanja. Na akikuuliza kuhusu kahawa yake," akanyoosha kidole, "ulimeza."

Basi. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikala mandazi matatu, nikafuata na kachumbari yenye kitunguu kibichi kwa muuzaji wa jirani. Sampuli kumi na mbili zitaonjwa kesho. Ulimi wenyewe unakaa nchini.

Faili nililisoma kila mstari, mara mbili, kabla hajalifunga. Kofia haikuandikwa popote. Naomba na nyie, mkinijibu, msiiandike.