Motakaa ya Mchi wa Mkwe

Jumatano, 2 Agosti 1916

Idi imekwisha. Nyama hatukuiona, askari wamechukua mbuzi wote wa Kilakala kwa ajili ya vita vyao. Leo jumbe amepita nyumba kwa nyumba. Anasema boma linataka wapagazi wengine, kila mwanamume mwenye mabega mawili. Nikamwambia langu ni moja na nusu, la kushoto linauma mvua ikinyesha. Hakucheka. Akasema nijitayarishe, kabla ya mwezi kwisha nitaitwa.

Mpagazi! Mimi Stambuli bin Maneno, niliyesoma shule ya serikali miaka mitatu! Ninayejua kuhesabu mpaka kwa Kijerumani! Waliochukuliwa mwaka jana kutoka mtaa huu, karibu wote hawajarudi. Abasi amerudi, na kazi yake sasa ni kukohoa. Ninaogopa. Naandika hivyo hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu.

Shamsia, mke wangu, anasema nipande milimani kwa mjomba wake, nijifiche shambani kama wenzangu mpaka Wazungu wamalizane. Nikamwambia mimi si panya. Isitoshe, mjomba wake angenilimisha.

Nina shauri bora. Severini, seremala wa misheni, anafanya kazi karakana ya motakaa pale stesheni. Amevishwa kibati cha shaba shingoni, hakuna jumbe anayemgusa. Sasa ikiwa karakana inamwokoa Severini, itashindwaje kuniokoa mimi? Nitatengeneza motakaa ya mizigo, ndogo, sawasawa na ile kubwa ya jeshi, hata msumari usipungue. Nitampelekea Bwana Mafuta, Mjerumani mkuu wa karakana. (Jina lake la kwao hatuliwezi, hili tumempa kwa ajili ya nguo zake.) Ataiona, atashikwa na machozi, atanivisha kibati hapohapo.

Motakaa yenyewe sijapata kuigusa. Hilo si neno.

Ijumaa, 4 Agosti

Baada ya sala nilikwenda kupima. Motakaa inakaa nyuma ya stesheni, ina askari wake. Mpira wa magurudumu umekwisha, wameyazungushia kamba nene. Petroli nayo haiji tena kutoka Ulaya, kwa hiyo inanyweshwa mafuta yaliyopikwa kwa mbata. Ikiwashwa, mtaa mzima unanukia samaki wa nazi, watu wanashikwa na njaa bure.

Nilijifanya natafuta kuku aliyepotea. Huku naita kuku, huku navuta kamba ya mkonge na kufunga fundo kila penye kona. Urefu nimepata. Upana nimepata. Kisha nikamwambia askari kuku ameingia chini ya motakaa, nikalala chali nikaingia. Nimeona tumbo lake! Vyuma vyote! Askari akanivuta kwa mguu. Akauliza kuku yuko wapi. Nikajibu labda motakaa imemla. Nimepigwa teke moja zuri sana, lakini kamba ilikuwa ndani ya kofia. Ushindi!

Vipimo nimevipanga hivi: shibiri moja ya motakaa ya Mzungu ni upana wa kidole kimoja kwenye motakaa yangu. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Hakuna haja ya rula. Rula inaweza kuibiwa. Kidole nalala nacho.

Jumamosi, 5 Agosti

Bodi nimeikata kwenye debe la mafuta ya taa. Magurudumu yamenitesa. Nataka mti mgumu, wa mviringo, laini. Nimezunguka tangu asubuhi. Kumbe upo nyumbani, umeegemezwa kwenye kinu: mchi wa mama mkwe!

Nimekata vipande vinne, na cha tano cha akiba. Mchi uliobaki unatosha kabisa kutwangia, mtu akikubali kuinama. Nikaurudisha mahali pake.

Sisi Waluguru mwanamume humfuata mke, kwa hiyo kiwanja hiki ni cha mkwe wangu, kinu ni chake na mchi ni wake. Lakini mimi na yeye hatutazamani wala hatusemeshani, ndiyo heshima. Hawezi kunigombeza! Amemgombeza kuku. Amemwambia kuku, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, kwamba kuna wageni hapa wanakula ugali, wakishiba wanakula na mchi. Akamuuliza kuku kama yeye angekubali posa ya mtu kama huyo. Kuku hakujibu.

Nami nikakijibu kinu. Nikakiambia mchi wake umekwenda kuokoa roho ya mtu, na kitu kinachookoa roho hakilalamikiwi. Shamsia, katikati yetu, alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 7 Agosti

Nyundo imenipiga kidole. Kile kile cha vipimo! Kimevimba, kimekuwa kama ndizi ya mkono wa tembo. Nimeendelea hivyo hivyo. Jioni nimeona nyuma ya motakaa imekuwa pana kuliko mbele, karibu mara moja na nusu. Shamsia ameuliza kama ile kubwa nayo iko hivyo. Nimemweleza kwamba mzigo hukaa nyuma, na nyuma lazima pawe na nafasi. Hakubisha. Amekitazama kidole changu, akaenda kuchemsha maji.

Magharibi akaja Severini. Huyu si adui tu, ni mtani. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu: wao hutuzika, sisi huwazika, atakutukana, atakunyang'anya kitu mkononi, na ukikasirika unatozwa faini wewe. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu. Utani hauulizi hayo. Akaizunguka motakaa yangu. Akasema ni jeneza zuri sana la panya, na makalio yake ameyafahamu, ni ya upande wa mama yangu. Nikacheka. Ningefanyaje?

Kisha akaacha mzaha. Akaniambia polepole nisiipeleke karakana. Mambo ya huko yameharibika, heri niitupe mtoni nikapande mlimani kwa mjomba wa Shamsia.

Wivu! Mtu mwenye kibati shingoni anakwambia kibati hakifai! Nimemshukuru, nimemsindikiza, nimerudi kutia usukani.

Jumatano, 16 Agosti

Imekwisha! Taa mbili za vifuniko vya chupa. Mpini wa mbele wa kuwashia, unazunguka kweli. Kamba kwenye magurudumu, nimezisokota uzi mmoja mmoja. Chini nimeweka vyuma vyote nilivyoviona nikiwa chali, na vingine sikuviona lakini nadhani vipo. Hata mafuta ya mbata nimeipaka kidogo, inukie. Nimeiweka sakafuni nikaitazama mpaka uji ukapoa. Sijapata kutengeneza kitu kizuri namna hii maishani mwangu, na sitamwomba mtu radhi kwa kusema hivyo.

Habari ni mbaya. Waingereza wamefika Turiani, majeruhi wanapita barabarani wamebebwa kwenye machela. Jumbe amerudi. Jumatatu wanaume wote waliobaki tukusanyike bomani. Basi Jumatatu hiyo hiyo, asubuhi, mimi nitakuwa karakana!

Jumamosi, 19 Agosti

Msiba. Bibi Pili, dada wa bibi yangu, amefariki. Mungu amrehemu, alinilea. Nilikwenda na motakaa nimeifunga kwenye kanga, kwa sababu siwezi kuiacha nyumba moja na mkwe wangu na kinu chake.

Kosa! Msibani wenye amri ni watani. Severini aliona kanga imetuna, akaipokonya, akaifungua mbele ya watu wote. Akaisukuma motakaa kuzunguka kaburi, akitangaza kwamba marehemu ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wetu kwenda kwa motakaa, sisi wengine tutatembea. Watu waliokuwa wanalia walicheka. Hata mimi, kidogo, kwa ajili ya Bibi Pili, angependa.

Baadaye nikaomba nirudishiwe. Akataka jogoo. Nikaleta jogoo. Akachukua jogoo, na motakaa akaondoka nayo! Ningepiga kelele? Kumkasirikia mtani msibani! Nilitabasamu mpaka taya zikauma.

Mpango wake nauona waziwazi. Atampelekea Bwana Mafuta, atasema ni kazi ya mikono yake. Hanijui!

Jumatatu, 21 Agosti

Nieleze kwa utaratibu.

Alfajiri Shamsia alikwisha kunifungia muhogo na blanketi. Akasema njia ya mlimani bado wazi, hakuna askari mpaka jua litoke. Akanishika mkono, naye si mtu wa kushika mikono. Akasema: "Mume wangu, nyamaza leo tu. Kesho utasema." Nilimwambia mwanamume haibiwi kazi yake akanyamaza. Nikaenda karakana kwa miguu yangu.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani nikaona motakaa kubwa imefunguliwa vipande vipande, vyuma vimepangwa chini kama samaki sokoni. Bwana Mafuta amesimama. Mkononi mwake, motakaa yangu! Anaigeuza, anatazama tumbo lake, anatikisa kichwa kwa kustaajabu. Severini yuko mbele yake, anasema jambo taratibu, macho chini.

Nikaingia. Nikasema kwa sauti, kwa Kijerumani changu cha shule, kwamba hiyo ni yangu. Nimeitengeneza mimi, Stambuli bin Maneno! Kila chuma nakijua, kinapotoka na kinaporudi. Niulizwe mimi, si huyo!

Severini alinitazama. Sijapata kumwona na uso ule. Akasema kwa Kiswahili, polepole: "Mtani, mimi nilikwisha kukuzika."

Bwana Mafuta akamgeukia. Akamuuliza si amemwambia sasa hivi kuwa fundi wa kitu hiki, kilichokutwa kimefichwa sandukuni mwake, alikufa, akazikwa Jumamosi? Severini akajibu kwamba Jumamosi kweli palikuwa na mazishi. Kwa hilo alipigwa kofi, na amepokonywa kibati.

Kisha Bwana Mafuta akaniwekea mkono begani. Begani! Akanieleza vizuri kabisa. Jeshi linahama, linapita milimani. Njia ya motakaa huko hakuna, na mafuta yamekwisha. Kwa hiyo itabebwa vichwani, chuma kwa chuma, iungwe upande wa pili. Tangu asubuhi wanatafuta mtu anayevijua vyuma vyake, asipotee hata kimoja.

Nimechaguliwa wa kwanza. Gurudumu la mbele, la kulia. Severini, la kushoto.

Jumanne, 22 Agosti

Wameniruhusu kuja kuaga, askari yuko mlangoni. Shamsia hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipika, akanitazama nikila, akapika tena. Nikamwambia haya ni mambo ya siku chache, Mzungu amenitambua, kila fundi huanzia chini. Akasema ndiyo. Akalia bila kujificha, nami nikaacha maneno yangu katikati nikamfuta machozi, jambo ambalo hunitokea kwa nadra.

Nilipokuwa natoka, mama mkwe alikuwa uani ameinama na mchi wake mfupi, amenipa mgongo kama ilivyo heshima. Akamwambia kuku kwamba mtu akiwekwa kwenye safu ya wapagazi akae katikati. Wa mbele hupigwa risasi na wa nyuma hupigwa viboko. Akamwambia kuku asilisahau hilo, akamwambia tena, mara ya pili sauti haikuwa nzuri.

Nikakiambia kinu nimesikia, shikamoo.

Ijumaa, 25 Agosti

Njia ya Mgeta. Tumepumzishwa. Baridi, ukungu, matope. Gurudumu lina uzito wa ng'ombe aliyekataa kwenda. Nimekaa katikati ya safu. Severini yuko nyuma yangu, na tangu juzi ananitukana ukoo mzima bila kurudia tusi. Nikiteleza hunishika kiuno kwa mkono mmoja, hulishika gurudumu lake kwa mwingine, na tusi halikatizi. Nimemwuliza kwa nini hakuniambia wazi mapema. Akasema aliniambia wazi. Hakuniambia wazi! Alisema mambo yameharibika. Mambo gani? Mtu anayetaka kusaidia hutaja mambo kwa majina yake. Nimemwambia hivyo, na nimemwambia pia kwamba bila wivu wake mimi ningekuwa nimevaa kibati. Amelitua gurudumu, amekaa juu yake, amecheka mpaka askari akaja kuuliza ana nini.

Acheke. Mimi sijashindwa. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua chombo kibaya. Motakaa inafunguka, kitu kinachofunguka lazima kibebwe. Nilipaswa kuchagua kitu cha chuma kizima.

Nacho kipo. Nyuma yetu unakuja mzinga mkubwa uliong'olewa kwenye manowari, wanauvuta kwa kamba, watu wengi mno, mlima wote unasikika. Penye kona nimeutazama vizuri. Nimekwisha kupima kwa macho, nitahakikisha kwa shibiri usiku wakilala. Kidole kimepona. Miti ya huku ni laini, kisu kidogo ninacho. Nitautengeneza mzinga mdogo, sawasawa, hata msumari usipungue, na nitampelekea bwana wa mzinga mwenyewe, mkononi. Severini hatajua.

Wale watu wa mzinga wana raha yao. Nimewatazama kwa makini: hakuna hata mmoja aliyebeba kitu kichwani. Wamepewa kamba tu.